Kipande Kilichopewa Jina

Kitu cha kwanza kilichomshtua ni kwamba kile kipande kilijibu kabla hakijaitwa.

Mwanamke huyu aliandika programu katika idara ya maji. Pampu zote za mji zilitii programu ya zamani, iliyoandikwa miaka thelathini nyuma kwa tarakimu tupu zinazoeleweka na mashine tu. Bosi wake, mtu wa kupenda sifa asizozitolea jasho, alitaka iunganishwe na lugha mpya ya kompyuta kabla ya Ijumaa. Ili lugha mpya iweze kuviita vipande vya ile ya zamani, kila kimoja lazima kipewe jina. Akavipa. Kikabaki kimoja kisichojulikana kinafanya nini, ila ukikitoa, pampu zinazima. Kwa uchovu na utani, akakipa jina analomwitia bintiye: Kipusa.

Hata hajakiita, neno likatokea kwenye skrini: Abee.

Alidhani wenzake wanamchezea. Lakini chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua, mchana kweupe na madirisha wazi, na aliporudi nyumbani akamkuta mtoto ameketi sakafuni anautazama ukuta, na kila alipomwita hakugeuka, mpaka akapiga magoti akamshika mashavu, na ndipo akasikia, kutoka kwenye simu yake iliyozimwa mkobani, sauti ya mwanawe mwenyewe ikisema taratibu, "Abee, mama, niko huku."

Siku ya tatu mtoto hali wala hasemi. Mama akamwendea mzee mstaafu aliyeiandika ile programu. Mzee aliposikia, akafunga mlango.

"Umempa jina?" akanong'ona.

"Sikujua, baba. Hukuandika popote."

"Jini yule nilimfungia kwenye tarakimu makusudi, mwanangu, asipate jina la kuitwa."

"Sasa nifanyeje?"

"Lifute kila mahali. Binti yako mtafutie jina jingine. Hilo usilitamke tena mpaka unaingia kaburini. Ukilitamka, atakayeitika hatoki tena."

Akalifuta, akarudisha tarakimu. Bosi akamfokea mbele za watu, akamnyang'anya mradi. Mtoto akapona, akaanza kuitwa Tunu.

"Mimi si Tunu," alinuna.

Wiki moja baadaye, asubuhi, walikuwa wakitoka dukani. Mtoto akamponyoka, akamkimbilia paka kuelekea barabarani. Lori lilikuwa linakuja kasi.

"Tunu!" mama akapiga ukelele. "Tunu! Tunu!"

Mtoto hakugeuka. Jina hilo lilikuwa halijawa lake. Mama alijua vizuri anachotaka kufanya. Akamlaani bosi, akajilaani mwenyewe zaidi, kisha akafungua mdomo.

"Kipusa!"

Mtoto akasimama ukingoni mwa barabara. Lori likapita.

"Abee, mama," akaitika, akigeuka.

"Abee, mama," ikaitika sauti ya pili nyuma ya sikio la mama, na mkono mdogo, wa moto, ukaingia katika mkono wake uliokuwa mtupu.