Kila Fundi Akija, Printa Inakubali

Nyumba ya Matilda ipo Ipogolo, karibu na barabara kuu. Alfajiri malori huanza kupanda mlima kwenda Iringa mjini, na vikombe hutetemeka kabatini. Matilda hupika uji, hufagia uwanja, kisha huingia chumba cha barabarani kufanya kazi yake. Huchapa barua za watu, ratiba za harusi na mitihani ya shule.

Alikuwa na kompyuta mbili kuukuu. Mumewe Maganga, dereva wa lori, alizinunua majuzi huko Mbeya kwenye ofisi iliyokuwa inafungwa. Moja ilikaa chumba cha barabarani. Ya pili ilikaa sebuleni pamoja na printa, kwa sababu waya wa printa ile ya zamani uliingia kwenye kompyuta hiyo tu. Waya mwingine mrefu ulipita juu ya mlango kuziunganisha kompyuta zote mbili.

Sebule ilikuwa chini ya mama mkwe, Bibi Kashindye. Huyu aliishi Usangu miaka mingi akilinda ng'ombe. Alipohamia kwa mwanawe, ulinzi ule akauhamishia kwenye vyombo. Kila kitu sebuleni kilivaa kitambaa cha kufuma. Redio ilivaa, televisheni ilivaa, hata chupa ya chai ilivaa.

Jumatatu, Mwalimu Ezekia alileta mtihani wa majaribio wa darasa la saba.

"Mama Bujiku, nataka nakala arobaini Ijumaa asubuhi," alimwambia Matilda. "Ukiniangusha, mitihani yetu yote itachapwa mjini."

Matilda aliitamani kazi ya shule ile mwaka mzima. Akaandika mtihani siku hiyohiyo, akaiamuru kompyuta yake ichape. Ikamjibu kwamba printa haionekani. Akaenda sebuleni, akafunua kitambaa cha printa. Taa ya kijani ilikuwa inawaka. Akarudi, akaamuru tena. Haionekani.

Jumanne akamwita Didas, fundi wa kompyuta.

"Hodi," Didas alisema mlangoni.

Bibi Kashindye aliposikia hodi, alifanya kama afanyavyo siku zote mgeni anapokuja. Alivua vitambaa vyote, akawasha televisheni, akawasha na kompyuta. Kwake, kumkaribisha mgeni kwenye vitu vilivyozimwa ilikuwa aibu. Kisha akafungua mlango.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, karibu. Chai inakuja."

Didas alianza na waya. "Ukiona kompyuta hazionani, anza na waya," alimwambia Matilda. "Angalia umeingia vizuri pande zote mbili. Sasa tuangalie majina."

Akatazama, akacheka. Kompyuta zote mbili ziliitwa OFISI.

"Kwenye mtandao mmoja, kila kompyuta iwe na jina lake. Ukiita OFISI, ipi iitike?"

"Watoto wawili jina moja?" Bibi aliuliza. "Hata mapacha hatuwaiti hivyo. Ile ya kule iite Kulwa. Hii ya hapa ni Doto."

"Na jina la ukoo, bibi?"

"Ukoo ni mmoja. Maganga."

"Vizuri. Jina la kundi liwe moja kwa zote mbili, ndiyo zinapata kuonana kwa urahisi." Didas akayaandika majina yale. "Kitu cha mwisho. Printa hii ilikuwa ya Doto peke yake. Sasa nimempa Kulwa ruhusa ya kuitumia."

Matilda alijaribu kutoka chumba cha barabarani. Karatasi ikatoka. Didas akanywa chai yake, akaaga.

Jioni Matilda akarudi kwenye mtihani wake. Printa haionekani.

Jumatano Didas alikuja tena. Bibi akavua vitambaa, akawasha kila kitu, akafungua mlango. Matilda akajaribu, karatasi ikatoka.

"Dada, mbona inachapa?" Didas aliuliza.

"Kaka, naapa, haikuwa inachapa."

Didas akaondoka. Matilda akaleta karatasi nyingi, akaketi, akaamuru. Printa haionekani. Alikasirika hata akaenda kuipiga kofi. Jioni Maganga alipiga simu kutoka Mbeya. Watu walikwishamfikishia habari.

"Huyo fundi anayekuja kila siku," aliuliza, "anatengeneza nini?"

Ilipofika Alhamisi, Matilda alikaribia kulia. Ijumaa ilikuwa kesho, naye hakuwa na nakala hata moja. Didas alikuja, na kama kawaida kila kitu kikakubali. Safari hii hakufurahi. Aliweka kikombe mezani, akamsogelea Matilda.

"Kitu kikikubali mbele ya fundi na kukataa nyuma yake," alinong'ona, "fundi aangalie kinachobadilika akiondoka. Nisindikize, lakini tuzunguke uani."

Akaaga kwa sauti. Wakatoka mlango wa mbele, wakazunguka, wakaingia kwa mlango wa jikoni, wakachungulia sebuleni.

Bibi Kashindye alizima televisheni. Akaifunika. Akamwendea Doto, akachomoa waya wake ukutani, akamfunika pia, akasawazisha pembe za kitambaa.

"Bibi," Didas alisema, "mbona unamzima Doto?"

Bibi hakushtuka. "Mgeni si umeondoka? Kompyuta inawaka, haina mtu mbele yake. Hiyo inakula umeme bure. Printa sijaizima. Mama Bujiku aliniambia nisiizime."

Ni kweli, Matilda alimwambia hivyo. Kuhusu kompyuta hakumwambia neno.

"Mimi nina kompyuta yangu kule," Matilda alisema taratibu. "Nilidhani hii haihusiki."

"Ndiyo inayohusika zaidi," Didas alisema. "Printa inamsikia Doto tu. Kulwa anampa Doto kazi, Doto anaipeleka kwa printa. Doto akizimwa, Kulwa anapiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Hata mafaili yaliyomo ndani ya Doto, Kulwa hawezi kuyaona mpaka Doto awe anawaka."

Bibi aliketi. "Kumbe siku zote hizi mimi ndiye ninayekuharibia kazi, mwanangu."

"Hapana, mama," Matilda alisema, naye aliona haya kweli. "Kosa ni langu. Sikukueleza."

Didas akamfundisha bibi kumzima Doto kwa utaratibu, kwa kuanzia kwenye skrini. Kuchomoa waya ghafla huharibu kompyuta. Kisha akaandika kwenye karatasi, akaibandika ukutani juu ya Doto. Bibi alijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, miaka ya sabini. Akafuata maneno kwa kidole: "Kulwa akifanya kazi, Doto awake."

Akafikiri. "Lakini umeme wa bure sitaki. Mama Bujiku, ukianza kazi, piga hodi kutoka huko. Nitamwamsha. Ukimaliza, aga. Nitamlaza."

Mchana uleule Matilda alisimama chumba cha barabarani akapiga hodi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Bibi akaitikia, akavua kitambaa, akabonyeza. Kabla jua halijazama, nakala arobaini zilikuwa mezani. Matilda akaaga, Doto akalazwa.

Ijumaa asubuhi mtu alipiga hodi mlango wa mbele.

"Karibu," Bibi aliitikia. Mlango haukufunguka. Bibi alimfunua Doto, akambonyeza, akasimama akiitazama skrini.

"Mama," Matilda aliita, "Mwalimu Ezekia yuko nje."

"Nimesikia. Atangoja, huyu hajaamka."

Doto alipoamka, mlango ukafunguliwa. Mwalimu alihesabu nakala zake, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatoa mtihani wa darasa la sita mfukoni na kuuweka mezani. Matilda aliushika kwa mikono miwili.

"Ila hapa kwenu, mgeni anasimama nje sana," Mwalimu alisema.

"Siku nyingine pita uani," Bibi Kashindye akamwambia. "Hodi ya mbele siku hizi ni ya kazi."