Kuku wa Mzee Amisi na Mguu wa Fundi

Asubuhi moja mgeni alisimama mbele ya baraza ya fundi Edouard, mjini Kindu. Mkono mmoja ulibeba sanduku la bati. Mkono mwingine ulishika suruali yake kwa nyuma.

"Hodi, fundi! Nimetoka Lubutu kwa lori," alisema. "Msumari wa lori umenipasua suruali, na kesho naanza kazi hospitali. Nitaingiaje hivi?"

Albertine, mke wa fundi, alikuwa anapepeta mchele. "Ingia kwa uso, bwana," alisema. "Halafu utoke kinyumenyume!"

Wote walicheka. Mgeni aliitwa Léon, naye alikuwa muuguzi. Albertine alimpa kikwembe cha kujifunga, na Edouard akaichukua suruali.

Edouard alijulikana sana Kindu. Mabaharia wa mto Lualaba na watu wa reli walimletea vitambaa. Wakristo walikuja wakati wa Noeli, Waislamu wakati wa Idi. Alijivunia jambo moja: akisema nguo itakuwa tayari, inakuwa tayari.

Lakini siku hiyo alikanyaga pedali ya cherehani kwa mguu wa kushoto peke yake. Mguu wa kulia ulilala juu ya kigoda, umefungwa vijiti. Chini ya kigoda kuku mwekundu alidonoa chenga za mchele. Mguu wa kuku nao ulifungwa kijiti kidogo.

"Fundi, wewe na kuku mlianguka pamoja?" Léon aliuliza.

"Nilianguka peke yangu," Edouard alijibu. "Niliteleza bandarini wakati wa mvua. Mguu ukalia ka! Hapa pembeni, nyuma ya kidole kidogo. Mzee Amisi, mganga wa mifupa, akanifunga. Kisha akavunja mguu wa kuku, akamfunga vilevile. Njo desturi yake, ndivyo afanyavyo siku zote. Kuku akitembea vizuri, na mimi nafungua vijiti."

"Na kuku alitembea?"

"Alitembea! Nikafungua, nikakanyaga pedali. Maumivu yakarudi. Mzee akanifunga tena, na kuku mwingine. Naye akatembea. Huyu njo wa tatu."

"Kuku wote wanapona," Albertine alisema. "Mume wangu tu njo bado."

Edouard alionyesha kitambaa cheupe kilichokunjwa juu ya rafu. "Nimemwahidi Mzee kanzu. Siku mguu huu utakapokanyaga pedali bila maumivu, kitu cha kwanza nitakachoshona ni kanzu yake."

Léon hakumcheka. Alipiga magoti, akabonyeza ule mguu polepole.

"Hapa?"

"Ayi! Hapo hapo!"

"Mzee Amisi ana mikono mizuri," Léon alisema. "Amefunga mahali penyewe. Kosa ni kumngoja kuku. Mfupa wa kuku ni mdogo, unaunga upesi. Mfupa wa mtu mzima unataka muda mrefu zaidi. Tena mahali hapa hupata damu kidogo, na damu njo inalisha mfupa. Kila mara uliukanyaga kabla haujashika, ukavunjika tena. Njoo hospitali tuupige picha."

Edouard aliacha kushona. "Mnataka kuukata! Watu wanasema ukiingia kule na mguu mbovu, unatoka na gongo."

"Twende tukaangalie," Albertine alisema. "Kuangalia si kukatwa."

Edouard alifikiri. Kisha akasema, "Sitakwenda bila Mzee Amisi. Yeye alinisaidia wa kwanza. Sitapita nyuma yake kama mwizi."

Basi akaimaliza suruali ya Léon, na kesho yake wakaenda wote. Mzee Amisi alifika hospitali na kuku kwapani.

"Mzee, kuku iko mugonjwa?" mlinzi wa mlangoni aliuliza.

"Mwenzangu wa kazi huyu," Mzee alijibu, akapita.

Daktari aliinua picha ya mfupa dirishani. Alisema Kifaransa, na Léon akawafasiria. Mfupa wa pembeni ulionekana mweupe. Katikati yake ulipita mstari mweusi.

Mzee Amisi aliitazama picha kwa muda mrefu. Aliweka kidole juu ya ule mstari.

"Hapa njo pale nilipofunga."

"Njo hapo, Mzee," Léon alisema.

"Basi mikono yangu haikukosea." Kisha akamtazama kuku. "Huyu alisema kweli juu ya mguu wake. Juu ya mguu wako, Edouard, hakujua kitu."

Daktari alieleza kwamba njia ni mbili. Njia ya kwanza ni kufungwa plasta ngumu na kutembea kwa magongo, bila kukanyaga, kwa miezi mingi. Pengine mfupa utaunga. Pengine hautaunga, kwa sababu kingo zake zimekwisha kuwa ngumu. Njia ya pili ni kupasuliwa. Mgonjwa atalazwa kwa dawa ya usingizi. Daktari atasafisha zile kingo ngumu. Atachukua kipande kidogo cha mfupa wa ugoko na kukiweka pale kama daraja. Baadaye ni plasta tena.

"Hatari iko," Léon alisema. "Sitawaficha. Kidonda kinaweza kufanya usaha. Dawa ya usingizi nayo ina hatari yake. Na mara nyingine mfupa unakataa hata baada ya kupasuliwa. Daktari hamlazimishi mtu."

Jasho lilimtoka Edouard. Albertine ndiye aliyeuliza.

"Tukiuacha hivi?"

"Labda atatembea akichechemea. Maumivu yatabaki. Pedali itamshinda."

"Mtaondoa mguu?"

"Hapana, mama. Mkato wenyewe ni mfupi kama kidole."

"Na kama angekuja siku ile alipoanguka, mngempasua?"

"Pengine hapana. Mifupa mingi ya mguu huunga kwa plasta tu. Lakini huu umevunjika tena na tena."

"Akipasuliwa, atakanyaga lini?"

"Picha itasema. Si kuku, wala si moyo wake."

Walirudi nyumbani kufikiri. Edouard aliketi mbele ya cherehani, akaweka mkono juu ya gurudumu lake.

"Idi inakaribia," alisema. "Nani atashona?"

"Mimi nina miguu miwili," Albertine alijibu.

"Pedali si kinu, mama."

"Na kinu si pedali. Wewe umetwanga lini?"

Edouard alicheka kidogo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Albertine, naogopa."

"Na mimi naogopa. Tuogope pamoja. Lakini uamue wewe. Mguu ni wako."

Edouard aliutazama mguu wake, kisha pedali. Alijua kwamba bila pedali asingekuwa fundi tena.

"Nipasuliwe," alisema.

Siku ya upasuaji Edouard alivuta dawa, akalala. Alipoamka, alinyoosha mkono haraka kutafuta vidole vya mguu.

"Usihesabu," Albertine alisema karibu yake. "Nimekwisha kuhesabu. Vyote viko."

Walipotoka hospitali, Léon aliwaonya: "Plasta isilowe maji. Mguu ulale juu ya mto. Ukiona vidole vinavimba, au vimekuwa baridi, au una homa, au plasta inanuka, mje mara moja. Msingoje kesho."

Nyumbani kazi iligawanywa. Edouard alipima na kukata. Albertine alikanyaga pedali. Mshono wake wa kwanza ulipinda kama njia ya Lubutu. Edouard aliufumua. Wa pili ulipinda kidogo. Baadaye mishono ilinyooka.

Wateja wengine walikwenda kwa mafundi wengine. Edouard aliona uchungu. Siku moja aliweka magongo chini, akasogeza mguu wa plasta kuelekea pedali.

"Picha imesema?" Albertine aliuliza.

"Bado."

"Basi."

Akaurudisha mguu juu ya mto. Lakini Idi ilipofika, kanzu kadhaa zilizoshonwa pale barazani zilionekana mjini. Kila aliyezisifu, Edouard alimwambia kwa kifua mbele: "Mshono huo ni wa mke wangu!"

Picha ya mwisho ilipopigwa, Léon aliileta dirishani mwenyewe. Mstari mweusi ulikuwa umefutika. Edouard alianza kukanyaga na magongo mawili, kisha moja, kisha bila gongo.

Asubuhi moja alishusha kitambaa cheupe kutoka kwenye rafu. Hapo hapo akaingia msimamizi wa meli, amebeba jora zima la kaki.

"Fundi! Nguo za mabaharia wangu wote. Meli inaondoka karibuni. Anza sasa hivi."

Edouard alilitazama lile jora. Kwa muda mrefu hakuwa amepata kazi kubwa kama hiyo.

"Ngoja nimalize kanzu moja," alisema.

"Ya chifu?"

"Ya Mzee Amisi."

"Yule wa kuku? Si alishindwa kukuponya!"

"Ahadi sikumpa mfupa, bwana. Nilimpa Mzee."

"Basi kuna mafundi wengine." Msimamizi akatoka na jora lake.

Albertine alilisindikiza jora kwa macho mpaka kona ya njia. Alipumua. Kisha akatunga uzi mweupe kwenye sindano.

"Haya, fundi. Kanyaga."

Edouard aliweka mguu wa kulia juu ya pedali. Alikanyaga mara moja, akasikiliza. Hakuna maumivu. Akakanyaga tena, na cherehani ikaimba.

Jioni Mzee Amisi alikuja, akavaa kanzu pale barazani.

"Umechelewa, Mzee," Albertine alisema.

"Mwana wa jirani ameanguka, mkono umevunjika. Nimemfunga vijiti usitikisike, kisha nikampeleka kwa Léon apigwe picha."

"Na kuku je?" Edouard aliuliza.

"Kuku anatotoa vifaranga. Kazi ya mifupa ameiacha."

Alinyoosha mabega, akashuka barazani. Edouard alimsindikiza kwa miguu yake miwili mpaka barabara kuu. Njiani watu walimwuliza Mzee nani aliyemshonea kanzu ile.

"Fundi huyu hapa," Mzee alijibu kila mara. "Kwa mguu wake mwenyewe."