Mtiki wa Mzee Viktor Usipakwe Rangi

Katika banda la fundi Beatus, pale Lipangalala, kila kitu kilikuwa chekundu. Vitanda vyekundu, makabati mekundu, hata vigoda vya jikoni. Ubao uwe wa mtiki au wa mninga, Beatus aliupaka rangi ya mahogani, kisha vanishi. Wateja walizoea. Yeye naye alizoea, mpaka kucha zake zikawa nyekundu.

Jumatatu moja kenta ilisimama mbele ya banda. Nyuma ilibeba mbao za mtiki. Mbele alishuka mama yake, Balbina, kutoka Mkula.

"Shikamoo mama. Mbao zote hizi?"

"Marahaba mwanangu. Ni ule mtiki wa baba yako ulioangushwa na upepo mwaka juzi. Nilipasuliwa mbao, zikakaa chini ya paa mpaka zikakauka."

Beatus alipapasa ubao mmoja. Baba yake, Mzee Viktor, alikuwa katekista wa kigango cha Mkula. Miaka thelathini alisoma Neno juu ya meza iliyolegea miguu. Alifariki bila kuona mimbari ya maana.

"Nimewaahidi watu wa kigango mimbari," alisema Balbina. "Jumapili padre anakuja kuibariki. Lakini sikia. Usinipakie wekundu wako huo! Nataka nikiitazama niuone mti ule ule. Vingine vya baba yako vyote vimegawanywa. Kimebaki hiki tu."

"Mama, mimi ni fundi bwana. Usihofu."

Haya. Tumwache na ufundi wake.

Kweli, Beatus alifanya kazi nzuri. Jumatano mchana mimbari ilikuwa imesimama. Ila rangi yake haikumpendeza. Mbao zilikuwa na mabaka, hapa kijani, pale kahawia. Msasa nao ulikuwa umemwishia. Akaingia jikoni, akachukua waya wa mke wake wa kusugulia sufuria, akauchovya kwenye maji. Akasugua na kusugua. Kisha akaenda kula, roho yake imetulia.

Asubuhi ya Alhamisi alifungua banda, akashika kichwa. "Mungu wangu!" Mimbari yote ilikuwa na madoa meusi.

Frida, mke wake, alikuja akiulizia waya wake. Alipoona mimbari, waya aliusahau. "Mama atalia, Beatus."

"Nitapaka mahogani. Nani atajua?"

"Mama atajua."

Beatus alifungua kopo la rangi nyekundu, akaona brashi yake imekauka. Akatoka kwenda duka la jirani kununua nyingine.

Duka lile la vifaa vya ujenzi lilikuwa la Mboni. Mama huyu alikulia kwenye karakana ya samani ya baba yake, na mbao alizijua vizuri.

"Brashi ya nini, fundi? Mbona umenuna hivyo?"

Beatus akamweleza yote. Mboni alifunga duka, akaenda kuona mwenyewe. Aligusa doa moja, akanusa kidole.

"Ulisugua kwa waya wa chuma na maji?"

"Ndiyo, dada Mboni."

"Ndiyo maana. Ndani ya mtiki kuna dawa yake ya asili. Ikikutana na chuma kwenye unyevu, inageuka nyeusi. Mtiki uliolowa usiuguse kwa chuma. Tumia msasa."

"Basi nimeharibu." Beatus aliketi kwenye kigoda. "Mti wa baba yangu nimeuharibu kwa mikono yangu!"

"Pole, kaka yangu. Hujaharibu. Funga kopo lako hilo. Frida, una ndimu?"

Walikamua ndimu nyingi. Beatus alipaka maji ya ndimu juu ya madoa kwa kitambaa safi. Polepole weusi ulififia. Wakafuta kwa maji safi, wakaiacha mimbari kivulini ikauke.

"Na yale mabaka je?" Beatus aliuliza.

"Mtiki uliopigwa randa sasa hivi ndivyo ulivyo. Uache siku chache penye mwanga, lakini si juani. Rangi inajiweka sawa yenyewe, hata chini ya vanishi. Wewe hukuwahi kuona kwa sababu hujawahi kusubiri!"

Frida akacheka. Hata Beatus alitabasamu.

Ijumaa alipiga msasa laini kwa kufuata nyuzi za mti. Alifuta vumbi. Kisha akafuta kwa kitambaa chenye thina kidogo, maana mtiki una mafuta na vanishi haishiki vizuri. Mboni alimletea vanishi ya maji, isiyo na rangi.

"Ile ya mafuta uliyoizoea inaleta umanjano," alisema. "Hii ukiifungua ni nyeupe kama maziwa. Usishtuke, ikikauka inakuwa angavu. Jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki. Paka nyembamba, mara tatu. Na mimbari usiiweke barabarani juani kama makabati yako. Miaka ikienda itabadilika kidogo, hilo halizuiliki. Ila jua linaharakisha."

Lakini doa moja liligoma. Lilikuwa kwenye ubao wa juu, na katikati yake palikuwa na tundu dogo. Ndimu haikulitoa, wala msasa.

"Hili si la waya wako," alisema Mboni. "Hapa paliingia msumari mti ukiwa hai. Weusi umeingia ndani kabisa."

"Nilikate, nitie kiraka?"

"Muulize mwenye mti."

Beatus alitoa simu, akairudisha mfukoni. Alimwogopa mama yake. Akapaka vanishi, doa likabaki.

Jumapili, pale Mkula, watu waliizunguka mimbari. Iling'aa kahawia yenye dhahabu, na kila uzi wa mti ulionekana.

"Fundi, umepaka rangi gani?" waliuliza.

"Sijapaka rangi. Ni mtiki wenyewe."

Wawili waliagiza meza hapo hapo, za namna ile ile.

Balbina alikuja taratibu. Alipitisha mkono juu ya ubao. Mkono ukafika kwenye doa, ukasimama.

"Mama, nisamehe," Beatus alisema haraka. "Hilo limenishinda."

"Heri limekushinda! Hapa baba yako alipiga msumari, atundike redio asikilize mpira huku anapalilia. Nilimgombeza wee! Viktor, unauumiza mti!" Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Ungepaka rangi, mwanangu, ungemfuta."

Siku ile somo la kwanza alisoma Balbina. Kidole cha mkono mmoja kilifuata mistari. Mkono wa pili ulilala juu ya lile doa, na haukutoka hapo mpaka alipomaliza kusoma.