Waya Uliofungwa kwa Tyubu

Hilux ilizimika kilimani Rugaaga, vumbi la lori la bunduki alilokuwa akilifuata Zahida likiwa bado hewani.

"Ala! Leo?"

Jasusi huyo wa serikali aliruka chini. Bunduki zile zikifika Mbarara, majambazi watazigawana. Mbele kulikuwa na barabara kuu na njia ya porini, na polisi waliokuwepo walitosha kuziba moja tu.

Akafungua boneti. Vichwa vya betri safi, vimekaza. Mita ikasoma volti kumi na moja. Betri mpya hiyo!

Wachunga ng'ombe wakamsukumia gari, injini ikawaka. Akapima tena. Ilitakiwa ipande hadi kumi na nne. Haikupanda.

Basi kosa si la betri. Altaneta haiichaji. Mkanda umekaza. Na mbona ile taa nyekundu ya betri haikuwaka asubuhi alipowasha gari?

Akaufuata waya mwembamba wa taa hiyo, ndio unaoiamsha altaneta ichaji, hadi nyuma yake. Ulikuwa umekatwa, kisha kila ncha ikafungwa nadhifu peke yake kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, fundo limefichwa chini.

Akaufungua ukanda, akautia mfukoni.

Fundi mmoja tu kambi ya Nakivale hufunga hivyo: Déo, mkimbizi wa Kivu, mwenzake wa kazi. Wamekula sahani moja miaka minne! Jana tu alisema, "Acha nikuangalilie gari, dada." Akakata, halafu mkono uliozoea ufundi ukakataa kuacha waya wazi.

Zahida akauunga. Kumi na nne. Akapiga simu.

"Déo, nimekwama Rugaaga. Gari imekufa kabisa."

"Pole mingi, dada! Ubakie fasi hiyo, nitakuja."

Nyuma ya sauti yake lori lilinguruma. Mshenzi alikuwa ndani yake.

Zahida akashika redio, akamwita mkuu wa polisi. "Swalik, acha njia ya porini. Ziba barabara kuu Isingiro. Wanadhani nimekwama, hawatajificha."

Wenye lori walikuja mbio, bila wasiwasi, hadi kwenye mitutu ya polisi. Zahida alipofika, Déo alikuwa amepigwa pingu.

"Dada... ulijua namna gani?"

Akamwekea ukanda wa tyubu kiganjani.

"Ungekuwa fundi mbaya, Déo, nisingejua ni wewe."

"Unisamehe."

"Nilikupenda kama ndugu wa tumbo moja, we mtu."

Akapanda Hilux. Taa nyekundu ikawaka, injini ikaitika, taa ikazimika. Akashika njia ya Mbarara bila kugeuka. Njaa ilimuuma, na hakuwa tena na mtu wa kula naye.