Kiungo Kilichokataa Kufunguka Ruiri

"Mshikeni huyo msichana. Ametuuza. Ova."

Njeru aliitupa redio yake ya Motorola mezani, katika ofisi ya ushirika wa maziwa pale Ruiri, nje ya mji wa Meru. Alikuwa ameazima ofisi hiyo kwa sababu ilikuwa na simu. Kwa watu wa Meru, Njeru alikuwa fundi wa kompyuta aliyetoka Kibugu. Bastola ya Browning iliyokuwa chini ya koti lake hawakuijua.

Mbele yake kompyuta yake ya Toshiba ilikuwa imewaka. Kwenye kioo kulikuwa na hati ya PDF, katalogi ya mitambo ya sola.

Katalogi ya uongo.

Chini ya picha ya mwisho palikuwa na kiungo. Ukikibonyeza, unafunguka ukurasa wa mtandao unaoonyesha gari la bunduki za magendo na njia litakayopita siku hiyo. Mwenye mali alikuwa mgeni wa ng'ambo aliyejiita Profesa, na vijana wake walipokea barua pepe zao katika duka la kompyuta la Ayan, mjini Meru. Ayan alipogundua walichokuwa wakisoma, aliinakili hati hiyo kwenye disketi na kumpa Njeru, fundi aliyemwamini. Hakuomba chochote.

Njeru alikibonyeza kiungo. Kikakataa.

Akabonyeza tena. Kikakataa.

Basi akaamua Ayan ndiye aliyekiharibu ili kumlinda Profesa. Hakufikiri zaidi ya hapo. Ukifundishwa kushuku watu, unaanza na aliye karibu.

Motorola ikakoroma. Alikuwa Sajini Mwongera wa polisi Meru, akimwita kwa jina lake la redioni.

"Kibugu Moja, tumemtoa kwa duka. Watu walikuwa wanatoka msikiti, wote wameona. Hajapiga kelele. Ameuliza tu kama fundi Njeru anajua ameshikwa."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia aingie gari."

Msaliti haulizi swali la namna hiyo.

Ndipo Njeru akafanya jambo alilopaswa kulifanya mwanzo. Akafungua PDF nyingine, mwongozo uliokuja na Acrobat Reader yenyewe, programu ya kusomea PDF, akabonyeza kiungo chake. Nacho kikakataa.

Kwa hiyo hati ya Ayan haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa ndani ya Toshiba.

Akaingia kwenye mipangilio ya Acrobat, pale panapoielekeza itumie programu gani kufungua viungo. Palikuwa pametajwa Netscape, programu ya kusomea mtandao, katika folda yake ya zamani. Na nani aliyeihamisha Netscape juzi juzi, akipanga faili zake za siri? Yeye. Kwa mkono wake mwenyewe. Muda wote huo Acrobat ilikuwa ikibisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Roho ilimsuta. Aliona aibu kama mtu aliyemsingizia jirani wizi, kisha akakuta mali kitandani mwake.

Akaionyesha Acrobat folda mpya. Akaunganisha tena mtandao kwa waya wa simu. Modemu ikapiga mluzi.

Akabonyeza.

Picha ikateremka polepole kwenye kioo. Pikapu nyeupe ya Hilux, imejaa miraa ya kutafuna iliyofunikwa majani mabichi ya migomba. Chini yake pameandikwa Isiolo, Ruiri, Meru.

Ujanja mzuri. Askari gani atasimamisha gari la miraa, wakati ikichelewa inanyauka na wenyewe wanakulaani? Lakini Profesa hakukulia huku. Miraa hutoka Meru kwenda Isiolo. Haijapata kutoka Isiolo kuja Meru.

"Mwongera, mfungueni msichana, kisha njoo Ruiri na watu wako. Kuna Hilux ya miraa inatoka Isiolo."

"Miraa itoke Isiolo?" Sajini akacheka kidogo. "Hiyo ni bunduki."

Njeru aliruka ndani ya Land Rover, akaiweka katikati ya barabara. Hilux ikatokea kwa kasi, honi ikilia, dereva akitaka apishwe.

Njeru hakupisha.

Risasi moja, tairi la mbele. Hilux ikaserereka mpaka ndani ya shamba la mahindi. Chini ya majani kulikuwa na AK-47 zinazong'aa kwa grisi. Mgeni aliyeketi kando ya dereva, Profesa mwenyewe, alishuka mikono juu, bado akiuliza kosa lake ni nini. Mwongera alipofika na watu wake, wakawafunga pingu wote wawili.

Mtu mwingine angeenda kusherehekea. Njeru alienda kituoni.

Alimkuta Ayan kwenye korido, ameshafunguliwa, akitengeneza hijabu yake. Akamweleza kila kitu kwa sauti ya chini, akamwomba msamaha.

"Ulinishikisha mbele ya msikiti mzima," Ayan alisema. "Sasa msamaha unaniletea kwa korido?"

"Nikisema huko nje, kazi yangu ya siri imeisha."

"Na jina langu?"

Njeru akamfungulia mlango. Wakaondoka pamoja kwa miguu kuelekea dukani.

Watu walikuwa wakitoka sala ya alasiri. Barwaqo, mama yake Ayan, alikuwa amesimama mlangoni pa duka, na hakuna aliyekuwa akimsalimu. Njeru akatoa kitambulisho chake, akakiinua juu.

"Mimi si fundi. Mimi ni askari wa upelelezi. Nilisema Ayan ni msaliti, na nilikosea. Kompyuta iliyoharibika ilikuwa yangu, na niliiharibu mwenyewe. Mama, nisamehe."

Barwaqo alimshika binti yake mkono, akamwingiza ndani. Mzee mmoja akapiga hatua mlangoni, akamsalimu Barwaqo.

Motorola ikakoroma mfukoni. Mkubwa wake alitaka kujua Kibugu Moja yuko wapi.

"Kibugu Moja hayuko tena," Njeru alisema, akaizima.

Akavuka barabara bila haraka, mikono mfukoni, na kila aliyekuwa pale akijua yeye ni nani.