Hodi ya Saa Tisa

Hoteli niliichagua mimi. Jocelyne hajanilaumu hata siku moja, na ndiyo maana jambo hili linaniuma hadi leo.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha saluni yake pale Rosettenville, Johannesburg, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama ufagio, simu mkononi. Mimi ni Mkenya, nafanya kazi benki, na huwa najiona najua kila kitu. Jocelyne ni wa Bukavu, Kongo. Mama yake, Mama Thérèse, alikuwa anakuja kumwona baada ya miaka kumi na mmoja.

"Nitafutie hoteli, Jemimah," alisema. "Kwangu ukuta ni mwembamba, na baa iko jirani. Nataka fasi ya kimya. Kuko neno lazima nimwambie mama."

Neno lenyewe nililijua. Mdogo wake Pitchou, aliyekuwa mlinzi hapa mjini, aliondoka kwenda kazini miaka tisa iliyopita na hakurudi. Hakuna maiti, hakuna kaburi. Jocelyne alimwambia mama yake kwamba Pitchou yuko Cape Town, anaendelea vizuri, ila ni mkaidi wa kupiga simu. Uongo ule alikuwa ameubeba miaka yote hiyo, na sasa alitaka kuutua.

Basi nikatafuta. Nikapata hoteli ndogo Marshalltown, kwenye jengo la zamani: sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe, ua wa ndani wenye mlimau, kuta nene zisizopitisha kelele za wachuuzi. Kwenye maoni yao wageni wote waliandika neno moja, utulivu. Mmoja aliandika kwamba palikuwa tulivu kupita kiasi. Nilicheka, nikamwambia Jocelyne kuna watu hawaridhiki.

Jumanne nikawapeleka kwa gari langu. Mama Thérèse alikuwa mwembamba, mchangamfu, na mikono ilimtetemeka, hivyo kwenye kitabu cha wageni alitia dole gumba kwa wino wa buluu badala ya sahihi. Mwanamke wa mapokezi alimtazama, kisha akatugeukia sisi, akapunguza sauti.

Alisema kwa Kiingereza: mtu akibisha, mama asiitike. Ainuke kimya, achungulie, ndipo afungue. Asitoe neno kabla hajamwona mtu kwa macho.

Jocelyne ndiye mkalimani wa Wakongo wote wa mtaa ule, hospitalini, polisi, popote. Alitafsiri bila kufikiri: "Mama, mutu akigonga, musifungue mulango. Kuko bezi."

Niliisikia ile tofauti. Nikadhani ni mamoja, wezi ni wezi tu. Nikanyamaza.

Jumatano nilipotoka kazini tulikwenda pamoja, Jocelyne akiwa amejikaza kusema ukweli wake. Ilikuwa saa kumi, jua limejaa uani. Mama Thérèse alitufungulia akitabasamu. Mezani palikuwa na vikombe viwili vya chai. Kimoja kilikuwa kitupu.

"Mulikuwa na mugeni?" Jocelyne aliuliza.

"Pitchou alikuja," mama akasema. "Saa tisa. Alipiga hodi."

Hapa Johannesburg hakuna anayepiga hodi. Watu hugonga, hubonyeza kengele, hupiga simu wakiwa getini. Hodi ni yetu sisi. Na mtu aliyelelewa kwa Kiswahili akisikia hodi, neno "karibu" hutoka mdomoni lenyewe, kama chafya.

"Mulimufungulia?" Jocelyne alinong'ona.

"Hapana. Si mulinikataza? Nilisema tu karibu, mutoto wangu. Nikageuka, nikamuona eko anaikala pale."

Alionyesha kitanda. Shuka lilikuwa limebonyea pembeni, pa kukaa mtu mmoja.

"Alisema nini?"

"Alisema hajafika Cape Town hata siku moja."

Jocelyne akakaa sakafuni. Hakulia. Alimsihi mama yake watoke, waende kwake, kelele si neno, baa si neno. Mama Thérèse alikataa kwa upole. Miaka tisa anamngoja, alisema, na kesho amemwahidi saa tisa tena. Atamwachia nani?

Pale chini mwanamke wa mapokezi aliuliza swali moja tu.

"Aliitika?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Hakuniuliza tena kitu, wala hakunitazama.

Alhamisi tulitaka kumwahi huyo mgeni, lakini tulifika saa tisa na robo. Tulibisha. Kimya. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani na ufunguo uko tunduni. Watu wa hoteli walipouvunja, tuliona kandambili za mama chini ya kitanda. Dirisha limefungwa. Vikombe viwili vimeoshwa, vimefunikwa. Shuka limebonyea mahali pawili, karibu karibu.

Hakukuwa na mtu.

Polisi waliandika maelezo. Eish, alisema mmoja, wazee hupotea. Nilishuka kukitazama kitabu cha wageni. Mbele ya jina la Mama Thérèse palikuwa na madole gumba mawili. Dogo lake, la Jumanne, lilikuwa limekauka. La pili lilikuwa kubwa, la mwanamume. Niligusa. Wino ukanishika.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda saluni. Si kusuka, nilikwenda tu kukaa naye. Saa tisa, mchana kweupe, kasuku wa jirani akipiga kelele, tukasikia sauti nje ya mlango wa kioo.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya Mama Thérèse. Kiooni hapakuwa na mtu.

Jocelyne alifungua mdomo. Nikauziba kwa kiganja changu. Alinitazama kwa chuki ambayo sijawahi kuiona kwake, na machozi yakanilowesha vidole. Hodi ikaja mara ya pili. Ikaja ya tatu, ya chini, ya mtu aliyechoka kusimama. Kisha ikakoma.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikienda kila Jumamosi. Nafika saa nane na nusu, nakaa kwenye kiti changu, na saa tisa namziba Jocelyne mdomo kwa kiganja changu. Hatuzungumzii jambo hilo. Miezi mitano sasa. Nywele zangu hazijawahi kupendeza hivi.

Jumamosi iliyopita robot, taa za barabarani, zilikuwa zimezimika njia nzima ya kusini. Foleni haikusogea. Nilimpigia Jocelyne simu mara kumi na mbili, hakupokea. Nilifika saa tisa na dakika kumi, nikitweta.

Alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, kitana mkononi, uso umetulia kama wa mtu aliyelala vizuri. Juu ya meza ya vioo palikuwa na vikombe vitatu vya chai.

"Pole, nimechelewa," nilisema, nikasogea nikae.

"Hapana, Jemimah," alinong'ona, akanizuia kwa mkono. "Hapo mama ameikala."

Kiti kilikuwa kitupu. Kitana kilishuka taratibu hewani, kikakwama kidogo, kikashuka tena. Kwenye taulo jeupe lililofunika mkono wa kiti palikuwa na alama ya dole gumba, ndogo, ya wino wa buluu.

Ilikuwa bado mbichi.