Kamba ya Kishingo

Sogeeni karibu, wanangu. Kisa hiki ni changu, na kosa la humu ndani ni langu pia.

Jina langu Salha. Nilikuwa na miaka sita. Tulikaa Kondoa, nyumba ya mwisho kabla ya msikiti.

Siku moja Shangazi Hadija alinipa kuku. Shingo yake haikuwa na unyoya hata mmoja! Nikamwita Kishingo.

Kishingo alitembea uani. Tip-tap, tip-tap, tip-tap.

"Kuku mgeni hufungwa kamba mguuni," Mama alisema. "Siku tatu tu, azoee kwetu. Siku ya nne umfungue. Umesikia, Salha?"

"Nimesikia, Mama."

Siku ya nne ikafika. Niliikata kamba pale kwenye kigingi alipofungwa. Lakini mguuni? Mguuni sikufungua.

Niliogopa. Je, akirudi kwa Shangazi? Nikamwachia kipande, ili nimkamate upesi.

"Umemfungua?" Mama aliuliza kutoka jikoni.

"Nimemfungua, Mama."

Mama hakujua. Mwenyezi Mungu alijua.

Usiku niliomba dua, nikajifunika shuka. Nikanong'ona:
"Kesho, Kishingo. Nitakufungua kesho."

Kesho ikaja na mvua. Nikabaki ndani.
"Kesho, Kishingo. Nitakufungua kesho."

Kesho nyingine ikaja na wenzangu. Tukacheza rede mpaka jua likazama.
"Kesho, Kishingo. Nitakufungua kesho."

Kamba ikalowa tope. Kamba ikakauka. Kamba ikabana, ikabana, ikabana.

Asubuhi moja nikasikia: Tip... kimya. Tip... kimya.

Kishingo alikuwa anaruka kwa mguu mmoja.

Kaka Idrisa akacheka. "He! Salha, mguu mwingine kamwazima nani? Huyo ni wa pilau Ijumaa!"

"Siyo wa pilau!" nikalia. "Siyo wa pilau!"

Mama akamshika Kishingo, akamtazama mguu. Ulikuwa umevimba kama kitunguu. Ulikuwa wa moto. Ulikuwa na usaha, na kamba imezama ndani ya uvimbe, haionekani.

"Maskini! Amechomwa na mwiba?" Mama aliuliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Ulimi wangu ulitaka kusema ndiyo.

"Siyo mwiba, Mama. Ni kamba. Ni mimi. Nilikudanganya."

Mama akauinamia tena mguu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Atapona, Mama?"

"Sijui, mwanangu. Tumechelewa. Tujaribu, na Mungu atusaidie. Tukishindwa, tumwite bwana mifugo."

"Tuanze leo, Mama. Siyo kesho."

Mama akachemsha maji. Tukasubiri yawe vuguvugu. Mimi nikatia chumvi kwenye beseni.

Kaka Idrisa akamshika Kishingo. Sasa hakucheka. "Tulia, dada yangu," alimwambia kuku. "Tulia."

Mama akakata kamba kwa mkasi mdogo. Kacha!

Mguu ukaingia kwenye maji. Chubwi! Ukalowa, ukalainika. Mama akausafisha taratibu, akaukausha.

Akaupaka dawa ya vidonda, ile ya kahawia. Akaufunga kitambaa safi, bila kubana.

Kisha sote tukanawa mikono kwa sabuni.

Kishingo akalala peke yake kwenye boksi, juu ya maranda makavu. Nilimpelekea maji. Nilimpelekea mtama.

Hakula. Nikajificha nyuma ya banda la kuku, nikalia.

Asubuhi tukaosha tena. Jioni tukaosha tena. Kila mara nilimwambia:
"Leo, Kishingo. Siyo kesho."

Siku ya tatu akadonoa mtama. Ko! Punje moja tu. Nikasema, "Alhamdulillahi!"

Tukaosha siku nyingi. Uvimbe ukashuka. Kidonda kikafunga.

Na asubuhi moja, uani: Tip... tap. Tip... tap.

"Mama! Anatembea!"

"Mwache atembee," Mama alisema. "Hana kamba sasa."

"Akienda kwa Shangazi?"

"Akienda, ameenda. Ulimtesa, Salha. Huwezi kumlazimisha akupende."

Mama alisema kweli.

Jioni ikafika. Adhana ya magharibi ikasikika. Nikatazama uani. Kishingo hayupo.

Nikatazama nyuma ya choo. Hayupo. Nikatazama chini ya mkokoteni. Hayupo.

"Ameenda," nilisema. "Ni kosa langu."

Ndipo nikasikia, polepole, kutoka njiani: Tip... tap. Tip... tap.

Kishingo akaja mwenyewe. Akapita mbele yangu. Akaingia bandani.

Hakuvutwa na mtu. Hakuvutwa na kamba.

Usiku nikainua mikono. "Ee Mwenyezi Mungu, nisamehe. Na wewe Kishingo, nisamehe."

Alama ya kamba haikutoka mguuni kwake. Kila nilipoiona, nilijisikia vibaya. Hata leo nikiikumbuka, najisikia vibaya.

Lakini usiku ule, nyuma ya ukuta, nilimsikia akijikunyata kwenye maranda ya bandani. Kruu... kruu... kruu...

Nikafumba macho, nikalala.

Nanyi fumbeni macho, wanangu. Kama kuna mtu mmemkosea, mwambieni leo.